Nyumba ya serikali, mkopo wa sacco au kujenga chumba kwa chumba: hesabu ya mtu wa Malindi

Mwezi wa tano, kusi imeshaanza kuvuma na wageni wengi wamesharudi kwao, watu wawili walinijia ndani ya wiki moja na swali moja. Mimi huchora ramani za nyumba. Kibanda changu kiko njia ya kwenda Barani, na kwa kuwa hakuna achoraye nyumba kabla ya kujua itajengwa kwa pesa gani, nusu ya kazi yangu imekuwa kupiga hesabu za watu.

Wa kwanza ni muuguzi. Mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 45,000, amepanga vyumba viwili Muyeye, kiwanja hana. "Kaka," aliniambia hata hajaketi, "kila mwezi nakatwa ya nyumba. Hiyo nyumba yenyewe naipataje?" Alikuwa anasema ushuru wa nyumba, unaokatwa kwenye mshahara ili serikali ya Kenya ijenge nyumba za bei nafuu. Wa pili ni nahodha wa mashua ya kioo, mtu mzima, apelekaye wageni kutazama samaki kwenye hifadhi ya bahari. Disemba na Januari mfuko wake umejaa. Mwezi wa tano na wa sita anakopa unga dukani. Yeye ana kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu babake. "Mwanangu, ningojee hizo za serikali au nijijengee polepole?"

Wote wawili walitaka niwatajie bei. Bei nimeiweka pembeni nikawauliza kwanza pesa yao huingiaje, kwa mwezi au kwa msimu, kwa sababu nyumba ya milioni mbili ni rahisi kwa mmoja na ni kitanzi kwa mwingine hata kama mapato yao ya mwaka yanalingana.

Ardhi kabla ya tofali

Huku kwetu huwezi kulinganisha mikopo kabla ya kuuliza ardhi ni ya nani. Mwaka 1908 Waingereza walileta Sheria ya Hati za Ardhi, wakawataka wenye madai katika ukanda wa pwani wakayasajili. Waliosajili walipata hati. Wasiosajili, wengi wao Wamijikenda, ardhi yao iliandikwa kuwa ya serikali ya Mwingereza. Ndiyo sababu leo utamkuta mtu aliyezaliwa mahali, na babu yake kazikwa hapo hapo, bado anaitwa skwota.

Mjini mambo yakachukua sura nyingine, ya nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mtu, kuta na paa ni za mtu mwingine, na kila mwezi mwenye kuta hupeleka kodi ya kiwanja. Mwenye ardhi kwa kawaida hataki ujenge cha kudumu, kwa hiyo unakandika udongo kwenye fito, unapaka chokaa, unaezeka makuti au mabati, na miaka 30 baadaye bado unaitwa mpangaji wa ardhi. Benki haiwezi kuchukua rehani ya kuta zisizo na ardhi. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, inaweza kukupa mkopo, maana dhamana yake ni akiba yako na wadhamini wako, ila utakuwa unajenga juu ya neno la mtu.

Kwa mtu wa namna hii nyumba ya serikali ina nguvu ambayo haisemwi sana. Siwezi kuisifia kwa uzuri wa ghorofa, lakini karatasi yake ni ya maana. Kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, kila nyumba ndani ya jengo inaweza kuwa na hati yake yenyewe. Muuguzi wangu hana kiwanja na hana urithi wa kusubiri. Akinunua kiwanja Malindi leo atapita kwa dalali, na dalali wa hapa anaweza kumwonyesha watu watatu kiwanja kimoja kwa asubuhi moja. Baba yangu mdogo alilipia kimoja chenye mawe manne ya mipaka na mwembe katikati, akaja kugundua kuwa mwembe una wenyewe wawili na yeye si mmoja wao. Hakwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi rasmi kabla ya kulipa, basi.

Kuna njia nyingine mbili za kisera ambazo watu huzisahau kwa sababu hazina sherehe ya kukabidhi funguo. Ya kwanza ni kuboresha mahali watu wanapoishi tayari, wapewe umiliki, barabara, mifereji na taa, kuta waache watu wajenge wenyewe. Mradi wa KISIP, wa serikali wa kuboresha makazi duni, ulioanza 2011 ulikuwa wa aina hii, na Malindi ilikuwa kati ya miji 15 ya mwanzo. Ya pili ilijaribiwa Voi, mtaa wa Tanzania-Bondeni, miaka ya 1990. Ardhi ilishikwa na wakazi wote kwa pamoja, kila familia ikamiliki nyumba yake tu, ili tajiri wa mbali asije akanunua kimoja kimoja mpaka mtaa wote uwe wake.

Linganisha hilo na sheria ya sasa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 nayo inakuzuia kuuza nyumba yako bila ruhusa ya maandishi ya bodi inayosimamia nyumba hizo. Lengo linafanana, kuwazuia walanguzi. Tofauti ni kwamba Voi anayekukatalia ni jirani unayeweza kumfuata nyumbani kwake jioni ukamweleza shida yako. Kwa mtu anayefikiri kwamba nyumba ni akiba ya kuuza siku mtoto akihitaji karo ya chuo, hili si jambo dogo, na wengi hawalisomi mpaka wameshatia saini.

Pesa, yaani mwezi dhidi ya msimu

Nianze na makato, maana ndiyo yanayowakera watu. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote na mwajiri huongeza asilimia 1.5. Kwa muuguzi ni shilingi 675, na nyingine 675 kutoka kwa mwajiri. Pesa hizo ni ushuru. Hazimwekei nafasi wala hazihesabiwi kama amana yake. Ilibidi nimwambie mara mbili. Anayetaka nyumba hujiandikisha Boma Yangu, mtandao wa serikali wa nyumba hizi, kwa kitambulisho na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi, kisha huweka akiba ya amana pembeni. Sheria ilipopita ilitaja amana ya asilimia 10 ya bei.

Sheria hiyo imegawa watu kwa kipato. Chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi unaangukia nyumba za jamii, kati ya 20,000 na 149,000 ni nyumba za bei nafuu, zaidi ya hapo ni za watu wa kipato cha kati. Riba zilizotangazwa ni asilimia 3, 6 na 9 kwa kufuata mpangilio huo, na malipo yanaweza kwenda hadi miaka 30. Funguo za Mukuru, Nairobi, zilipotolewa Mei 2025, chumba kimoja kilitajwa kwa takriban shilingi 3,900 kwa mwezi.

Sasa tuchukue nyumba ya shilingi milioni 2 kwa mfano tu, tumpigie muuguzi. Amana ni 200,000. Inabaki 1,800,000. Kwa asilimia 6 na miaka 30 atalipa kama 10,800 kwa mwezi. Mkopo huo huo benki, tuseme kwa asilimia 14 na miaka 20, ni kama 22,400 kwa mwezi. Ukijumlisha kodi ya mapato, bima ya afya ya SHA, akiba ya uzeeni ya NSSF na ushuru wa nyumba, makato yote yanapita thuluthi mbili ya mshahara, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kukatwa zaidi ya hapo. Kwake benki imeshafungwa kabla hajafika dirishani. Si yeye peke yake. Nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 47 kwa sensa ya 2019, mikopo ya nyumba ya benki ni kama 30,000 tu. Kampuni ya KMRC ilianzishwa 2018 ili benki na sacco zipate pesa ya muda mrefu ya kukopesha kwa riba nafuu, na mwenye mshahara mkubwa kidogo kuliko huu aulize benki yake kama imo. Mimi sitaendelea na benki hapa.

Miaka 30 ina gharama yake pia. Hizo 10,800 mara miezi 360 ni kama milioni 3.9. Na juu yake ongeza ada ya huduma, yaani taa za ngazini, pampu ya maji, mlinzi, taka. Ada hiyo haina mwisho hata mkopo ukiisha.

Sacco ni mnyama mwingine. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua. Muuguzi ana akiba ya 200,000, kwa hiyo anaweza kuchukua 600,000. Kwa miezi 48 atalipa kama 15,800 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama 158,000. Mwezi ni mzito kuliko ule wa serikali, lakini miaka minne imekwisha na hana mtu anayemdai. Tatizo ni kwamba laki sita hazimalizi nyumba, zinaianzisha. Akichukua, zitaishia kwenye kiwanja, uzio na msingi, kisha atakuwa analipa kodi ya Muyeye na mkopo kwa pamoja. Nimeshuhudia misingi mingi ya sacco ikiota nyasi.

Nahodha naye? Kwa wastani wa mwaka mzima hapati 20,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa karatasi anaangukia nyumba za jamii, riba ya chini kabisa. Inapendeza mpaka uitazame kalenda. Mkopo wa miaka 30 una miezi ya Juni 30, na Juni bahari imechafuka, mashua iko juu ya mchanga inapigwa rangi. Angeweza kuweka pembeni pesa za Januari zimlipie Juni. Nilimwuliza. Akacheka, akaniambia Januari ndiyo mwezi wa karo za shule.

Tena hataki riba, iwe asilimia 3 au 30, kwa dini yake, na hilo sikubishana naye. Benki za Kiislamu zipo Kenya, na njia yao ya kawaida ya nyumba ni musharaka inayopungua. Benki na wewe mnanunua pamoja, unalipa kodi kwa fungu lake huku unalinunua kidogo kidogo mpaka liishe. Ni njia halali kwake, ila nayo inadai kila mwezi. Tumerudi pale pale. Kilichobaki kwake ni kugeuza pesa za msimu kuwa mawe kabla hazijageuka kitu kingine.

Umbo la nyumba

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, na wateja huona nawapotezea wakati.

Ghorofa la vyumba viwili lina sebule, jiko la kupikia umesimama, choo ndani, kibaraza cha mita moja. Ni safi, maji yapo pampu ikikubali, mvua za masika hazikuletei tope mlangoni. Lakini waza siku ya kawaida ya nyumba ya Malindi. Nazi inakunwa kwa mbuzi, mtu ameketi chini. Wali unapaliwa makaa juu ya kifuniko. Ghorofa ya nne jiko la makaa linakaa wapi? Gesi nayo ni shilingi. Na akifa mtu, mkeka wa matanga unatandikwa kwenye ngazi? Muuguzi aliniambia hayo hayamsumbui, yeye hupika jioni tu na kwao ni Ganze, matanga yatakuwa huko. Sawa. Jibu lake ni halali kabisa, na limenifunza kutodhani kila mtu anataka uani.

Nyumba ya Kiswahili tunayoijua katika mitaa yote ya hapa ina ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba pande mbili, baraza mbele, choo na jiko nyuma. Uzuri wake mkubwa ni wa pesa. Kila chumba kinafunguka kwenye ukumbi, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kupangishwa peke yake. Vyumba viwili vya mbele vikipata wapangaji, mwezi wa Juni una unga. Tena nyumba hii inajengeka vipande vipande bila kubomoa kitu.

Mnamo 2004, mji wa Iquique nchini Chile, msanifu Alejandro Aravena na kampuni yake Elemental walikuwa na ruzuku ya takriban dola 7,500 kwa kila familia, ardhi ikiwemo, kwa familia karibu 100. Badala ya kujenga nyumba ndogo mbovu, walijenga nusu ya nyumba nzuri, ile nusu ngumu ambayo familia haiwezi kuijenga vizuri peke yake, yaani mhimili, choo, jiko na ngazi. Nafasi ya nusu ya pili iliachwa wazi, familia zikaijaza zenyewe kwa kadiri ya uwezo. Aravena alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo, mwaka 2016. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, maana hapa Kisumu Ndogo na Maweni watu hujenga nusu nyumba siku zote. Tofauti ni kwamba sisi huanza na nusu nyepesi. Tunasimamisha kuta, mabati juu, choo kitakuja. Kisha choo kinapokuja kinabanwa kwenye kona, mlango wake unafungukia sufuria.

Kwa hiyo ukichagua kujenga polepole, anza na usichoweza kukirekebisha: msingi, choo na shimo lake, sehemu ya tangi la maji, na upande wa nyumba kutazama upepo. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ncha fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Dirisha kila upande wa chumba, upepo uingie huku utokee kule. Wazee wa Gede na Lamu walijenga kwa matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kama mita tatu kwa sababu boriti ya mkoko haibebi dari pana kuliko hapo, na bado ndani ni baridi. Hatuna tena ubavu wa kuta nene kama zile, lakini upepo ni wa bure.

Vifaa nitapita haraka. Mawe ya matumbawe kutoka timboni bado ndiyo chaguo la wengi. Yanakatika kirahisi, ila hunywa maji, kwa hiyo usiyaache bila plasta. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine na simiti kidogo zinaokoa chokaa na simiti ya kujengea kwa sababu zinaumana zenyewe, mradi zimwagiwe maji na kukaa kivulini wiki mbili. Fundi asiye na subira ataziua. Makuti ni baridi na mazuri, lakini moto wa jirani ni moto wako.

La mchanga nitalisema taratibu kwa sababu limenigharimu. Nyumba yangu mwenyewe, linta ya dirisha la jikoni, ile boriti ya zege juu yake, niliijaza kwa mchanga wa ufukweni, uliokuwa karibu na wa bure. Mwaka wa sita mstari mwembamba ukatokea, kisha kipande cha zege ukubwa wa sahani kikaangukia sinki usiku. Nondo ndani ilikuwa imevimba kama mhogo uliooza. Chumvi haina haraka. Tumia mchanga wa mto Sabaki, na nondo zifunikwe na zege la kutosha. Na zile nondo unazoziacha zichungulie juu ya paa kwa ajili ya ghorofa ya baadaye, zivalishe zege hafifu utakalokuja kulipasua. Ukiziacha wazi kwa upepo wa bahari miaka mitano, utakuta kutu tupu.

Nilivyowaambia

Muuguzi nilimwambia ajiandikishe Boma Yangu na aanze kuweka amana, lakini kwanza aangalie mradi ulio karibu uko wapi hasa, maana nyumba nafuu inayokulazimu kupanda matatu mbili kwenda zamu ya usiku imeshaacha kuwa nafuu. Akiba ya sacco asiiguse kwa jambo jingine. Nyumba ikipatikana, na yeye akijitoa sacco arudishiwe akiba yake, ndiyo itakayomlipia amana bila kukopa. Kama baada ya mwaka hajaona dalili, atanunua kiwanja kidogo chenye hati, baada ya upekuzi, na ndipo achukue ile 600,000. Angekuwa na kiwanja leo ningempa ushauri wa kinyume kabisa. Na angekuwa na watoto wanne pia, maana ghorofa haliongezeki chumba.

Nahodha nilimwambia asianze na jiwe, aanze na ndugu zake. Shamba la marehemu halijagawanywa, na kujenga juu ya urithi usiogawanywa ni kujenga ugomvi. Wakaenda mahakama ya kadhi hapa Malindi, kila mmoja akajua fungu lake. Kisha nikamchorea nyumba ya vyumba sita na ukumbi. Vyumba viwili na choo kwa mistari mizito, hivyo ni vya msimu huu na ujao. Vinne vilivyobaki kwa mistari ya nukta. Ramani yote itapelekwa kaunti mara moja, alipie idhini ya nyumba nzima, asirudi kila msimu kubembeleza. Na kila Januari, kabla pesa haijalala nyumbani, lori la mawe liwe limeshalipiwa.

Aliishika ile karatasi, akaigeuza juu chini, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama mlango wa uani utapitisha injini ya mashua ikibebwa na watu wawili. Nilikuwa nimechora sentimita 80. Nimeupanua hadi 120.